Moreau, karani mgonjwa aliyehesabu ndege bilioni tano

Ukifika Vanga mwezi wa Desemba, subiri maji yakupwe halafu utazame tope lililo mbele ya mikoko. Utaona vindege vya rangi ya kijivu vikikimbia huku na huku, vikichomeka midomo topeni haraka haraka kama sindano ya cherehani. Watu wa pwani huwaita vitwitwi. Mvuvi anayetengeneza nyavu zake pale kando hata hawaangalii, maana amewazoea tangu utotoni.

Lakini hebu fikiria hili. Baadhi ya vitwitwi hao huzaliana Taimyr, kaskazini kabisa mwa Siberia, zaidi ya kilomita 9,000 kutoka Vanga. Wawili wakipimwa pamoja hawafikii uzito wa simu uliyoshika. Wanakuja kila mwaka, pasipoti hawana, na kiwanja cha ndege cha kutua ni tope la Kwale.

Hawako peke yao. Wazee wetu walijua kwamba kaskazi ikivuma, majahazi ya Uarabuni yanaingia. Majira hayo hayo ndiyo yanayotuletea mbayuwayu wa Ulaya wanaojipanga kwenye nyaya za umeme, keremkerem, vipanga na vindege wengi wadogo ambao mtu wa kawaida hawatambui. Huko kwao ni baridi, barafu imefunika ardhi na wadudu hakuna. Huku ni joto na chakula kipo. Wanahama kutafuta riziki, kama yeyote aliyewahi kupanda basi kutoka Lunga Lunga kwenda Mombasa kusaka kazi.

Sasa swali: wanaokuja Afrika ni wangapi? Mtu aliyepambana na swali hilo kuliko wengine wa kizazi chake aliishi miaka 18 hapo jirani tu, katika kijiji cha Amani, milima ya Usambara. Ukiruka kama ndege, kutoka Vanga hadi Amani ni kama kilomita 80. Aliitwa Reginald Ernest Moreau. Wanaosoma elimu ya ndege popote duniani wanalijua jina hilo. Huku kwetu, sidhani kama kuna mtaa hata mmoja uliopewa jina lake.

Alizaliwa tarehe 29 Mei 1897, Kingston, mji ulio kando ya mto Thames karibu na London. Hakutoka katika familia ya mabwana wakubwa wenye mashamba na bunduki za kuwindia, kama walivyokuwa wengi wa watu waliokusanya ndege wa Afrika enzi zile. Baba yake alifanya kazi kwenye soko la hisa, halafu akapata ajali ya treni iliyomwacha asiweze kazi tena. Kijana Reginald hakupita chuo kikuu. Alifanya mtihani wa utumishi wa serikali, akawa karani wa ukaguzi wa hesabu. Yaani ni mtu wa vitabu vya mapato na matumizi, wa kuuliza risiti iko wapi.

Kisha akaugua. Baridi yabisi ilimshika viungo angali kijana, na hali ya hewa ya Uingereza ilikuwa ikimzidishia maumivu. Mwaka 1920 akaomba uhamisho, akapelekwa Cairo, Misri, kwenye jua na hewa kavu. Kwa hiyo naye alihama kama wale ndege, kukimbia baridi.

Misri ni mahali pazuri sana pa kujifunza mambo ya ndege wanaosafiri, kwa sababu wengi wanaotoka Ulaya mashariki na Asia hupitia bonde la Nile au huvuka jangwa lililo pembeni yake. Ndege ambaye juzi alikuwa Urusi unamkuta leo kando ya kisima jangwani, amechoka, anatafuta kivuli. Moreau alianza kuwatazama kama burudani ya baada ya kazi, kisha burudani ikawa ugonjwa wa pili. Huko huko akakutana na mwanamke Mwingereza aliyependa ndege kama yeye, Winifred, ambaye jina lake la ukoo kabla ya kuolewa lilikuwa Bird, maana yake Ndege. Sijatunga, ndivyo ilivyokuwa. Walioana mwaka 1924.

Mwaka 1928 wakahamia Tanganyika. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani kilikuwa kimeanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza kikawa mikononi mwa Waingereza. Wataalamu wa pale walishughulika na kahawa, mkonge na magonjwa ya mimea. Moreau hakuajiriwa kama mtaalamu. Aliletwa kufanya kazi ya ofisini: hesabu, barua, maktaba. Ndege waliendelea kuwa mambo ya jioni, ya Jumapili na ya likizo.

Hapa lazima nikurudishe Vanga kidogo, uone jinsi pande hizi mbili zilivyofungamana. Mto Umba, unaomwaga maji yake baharini karibu na Vanga, unaanzia milima ya Usambara. Kwa hiyo tope wanalochokora vitwitwi, sehemu yake imeteremka kutoka milima ile. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi hizi, mstari wao waliuanzia hapo hapo mdomoni mwa Umba, wakaunyoosha hadi Ziwa Jipe. Ndugu wakawa huku na huku, Wadigo wa Kenya na Wadigo wa Tanganyika, Wasegeju vivyo hivyo. Ndege hawakuambiwa.

Kilichomtofautisha Moreau na wengine ni mtazamo wa kikarani. Wazungu wengi waliokuja kabla yake walitaka ndege aliyekufa: mpige risasi, mchune, mtie pamba, mpeleke makumbusho ya London au Berlin. Yeye pia alikusanya, tusimsafishe kupita kiasi. Lakini alichotaka zaidi ni kujua ndege aliye hai anafanya nini siku nzima. Anaingia kiotani mara ngapi? Analeta nini? Anaatamia mayai kwa saa ngapi? Mayai ni mangapi? Alikagua viota vile vile alivyokagua madaftari ya serikali.

Mfano mzuri ni hondohondo. Kuna aina mmoja mkubwa, mweusi, mwenye pembe ya rangi ya krimu juu ya mdomo, anayeishi misitu ya Usambara na ambaye huonekana pia misitu ya Kwale. Jike akitaka kutaga, anaingia kwenye tundu la mti mkubwa na mlango unazibwa kwa udongo, unabaki ufa tu. Anakaa humo miezi mitatu na zaidi. Dume ndiye anayebaki nje na kazi ya kulisha. Anameza matunda, anakuja, anang'ang'ania gome la mti, anayatapika moja moja na kuyapitisha kwenye ule ufa.

Moreau na mkewe walitaka namba. Wakapanga viota vilindwe mchana kutwa, kila safari ya dume iandikwe na saa yake. Mwisho wa hesabu wakakadiria kwamba katika siku kama 120 dume mmoja alifika kiotani mara 1,600 hivi, akaleta matunda kama 24,000. Gawanya mwenyewe: ni matunda 200 kila siku, kwa mke mmoja na mtoto. Mwanamume anayelalamika kwamba matumizi ya nyumbani yamempanda kichwani aende akaongee na hondohondo.

Lakini nani aliyekaa chini ya mti toka alfajiri hadi magharibi? Moreau alikuwa na ofisi ya kwenda, na viungo vyake vilimuuma. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na Waafrika waliolipwa kuketi, kutazama na kuhesabu. Mmoja wa watu aliowategemea sana msituni alikuwa Salimu Asmani, mkusanyaji stadi ambaye kabla ya hapo alifanya kazi na Arthur Loveridge, mtaalamu wa nyoka na mijusi. Watu kama Salimu walimtambua ndege kwa sauti kabla hajaonekana, walijua mti gani una matunda mwezi gani, na waliweza kumchuna ndege mdogo kuliko kidole gumba bila kumharibu. Moreau aliwaheshimu kuliko walivyofanya wengi wa zama zake. Hata hivyo, makala zilipochapishwa Uingereza, jina la juu lilikuwa la Moreau, au la Moreau na Winifred. Ukoloni ulikuwa na njia zake za kuandika risiti, na upande wa malipo ya heshima risiti hizo hazilingani.

Kuna ndege wawili wa kukumbuka. Mwaka 1931 mtaalamu wa London aliyeitwa Sclater alimtambulisha rasmi ndege mdogo wa kijivu mwenye mdomo mrefu, kutoka Amani, akampa jina la Moreau. Ndege huyo hadi leo anajulikana kutoka sehemu mbili tu: misitu ya Usambara Mashariki na uwanda mmoja wa juu kaskazini mwa Msumbiji. Yuko kwenye orodha ya walio hatarini. Wa pili ni wa milima ya Uluguru, na safari hii Moreau mwenyewe ndiye aliyempa jina, mwaka 1938. Akamwita kwa jina la Winifred. Wengine huwanunulia wake zao maua.

Madaftari ya viota yalimpeleka mbali kuliko alivyotarajia. Aligundua kwamba ndege wa Afrika ya joto hutaga mayai machache kuliko jamaa zao wa Ulaya. Huku aghalabu ni mawili au matatu, kule ni matano, sita au zaidi. Kwa nini, na huku chakula kinaonekana kuwepo mwaka mzima? Makala yake ya mwaka 1944 kuhusu jambo hilo iliwasha mjadala mkubwa. David Lack wa Oxford, mmoja wa wanabiolojia mashuhuri wa karne ile, aliitegemea alipojenga nadharia yake kwamba ndege hutaga idadi anayoweza kuilisha hadi makinda waruke. Mjadala haujaisha hadi leo, lakini data za kwanza kubwa zilitoka kwenye mteremko wa Usambara, kwa watu waliokaa chini ya miti na saa mkononi.

Na hakuishia kwa ndege. Mwaka huo huo wa 1944 alichapisha makala kuhusu utani. Naam, utani huu wetu, wa kabila na kabila, wa kumtania mtu msibani na asikasirike. Alikuwa amewauliza watu nani mtani wa nani Tanganyika nzima, akapanga majibu kama hesabu. Wasomi wa utamaduni bado wanaitaja makala hiyo. Karani akishazoea kuuliza maswali, haachi.

Mwaka 1946 aliondoka Amani. Sehemu ya Uingereza naipitia haraka. Alikwenda Oxford, kwenye taasisi ya ndege alikokuwa Lack, akawa mhariri wa jarida la Ibis, lililo kongwe na lenye heshima katika fani hiyo, hadi mwaka 1960. Kisha akawa rais wa chama cha wataalamu wa ndege cha Uingereza. Mwaka 1966 alitoa kitabu kikubwa kuhusu ndege wa Afrika na visiwa vyake. Kwa mtu asiyekuwa na shahada ya kusomea, si haba.

Lakini lile swali la Cairo lilikuwa halijamtoka: ndege wanaovuka jangwa la Sahara ni wangapi? Hakukuwa na setilaiti za kuwafuatilia ndege wadogo, wala kompyuta ya mezani. Alichukua hesabu za ndege wanaozaliana katika eneo dogo linalojulikana vizuri, hasa Finland ambako walikuwa wamehesabiwa kwa makini, akazidisha kwa ukubwa wa nchi za kaskazini, akaongeza makinda wa mwaka, akapunguza hapa na pale. Jibu lake lilikuwa kwamba kila mwaka, majira ya baridi yakikaribia kaskazini, ndege wa nchi kavu kama bilioni tano huelekea Afrika. Bilioni tano! Wakati ule, watu wenyewe duniani hawajafikia bilioni nne.

Katika kazi hiyo hiyo akakutana na fumbo ambalo hadi leo linaitwa kwa jina lake. Ndege wengi hufika ukanda wa Sahel, kusini tu mwa Sahara, mwezi wa Septemba na Oktoba, mvua zinapokwisha. Kuanzia hapo nchi inazidi kukauka mwezi baada ya mwezi. Wanakula nini? Ajabu zaidi, Machi na Aprili, ukavu ukiwa umefika kilele, ndege hao hao wananenepa, wanajaza mafuta mwilini ya kuvukia jangwa kurudi Ulaya. Ni kama mtu afike sokoni siku ya kufunga kisha atoke na kapu limejaa. Sehemu ya jibu iko kwenye miti inayozaa au kuchanua wakati wa kiangazi. Mmoja wao unaujua vizuri: mswaki, huu huu tunaokata vijiti vya kusafishia meno. Matunda yake madogo ni chakula muhimu cha vindege wanaojiandaa kuvuka. Ukikata miswaki yote ya Sahel kwa kuni, kuna bustani Uingereza itakosa mwimbaji mwaka unaofuata.

Moreau aliandika kitabu hicho cha safari za ndege katika miaka yake ya mwisho, afya ikiwa imechoka. Hakukiona kikichapishwa. Alifariki tarehe 30 Mei 1970, siku moja baada ya kutimiza miaka 73. Mwenzake James Monk akakimalizia kazi ya uhariri, kikatoka mwaka 1972.

Je, hesabu ilikuwa sahihi? Mwaka 2009 watafiti wa taasisi ya ndege ya Uswisi waliirudia kwa takwimu mpya za nchi nyingi, wakapata kama bilioni 2.1. Tofauti ni kubwa, na haina maelezo mepesi. Sehemu yake ni njia ya kuhesabu: yeye alikuwa na Finland na penseli, wao walikuwa na nchi chungu nzima na kompyuta. Sehemu nyingine inauma zaidi, kwa sababu tangu enzi zake ndege wengi wanaosafiri kati ya Ulaya na Afrika wamepungua kweli. Dawa za mashambani zimeua wadudu, mabwawa yamekaushwa, misitu imefyekwa, wawindaji wa Mediterania wanawangoja njiani. Mkaguzi wa hesabu angetaka kujua kila moja imechangia kiasi gani.

Na zile bilioni tano hazikuwahusu vitwitwi wa Vanga, maana aliwahesabu ndege wa nchi kavu. Wa majini na matopeni wana hesabu yao. Hapa Kenya, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, Makumbusho ya Taifa na shirika la Nature Kenya huandaa hesabu ya ndege wa majini kila Januari, na kazi inafanywa kwa kiasi kikubwa na watu wa kujitolea wenye darubini. Huhitaji shahada, kama Moreau alivyokuwa hana. Vanga ina sababu ya ziada ya kuhesabu: wakazi wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wanatunza hekta 460 za mikoko na kuuza hewa ukaa, wakifuata njia iliyofunguliwa na Gazi mwaka 2013. Mikoko inashika tope, na tope ndilo sahani ya vitwitwi.

Limebaki jambo moja, dogo kwenye orodha ya kazi zake lakini kwangu ndilo linalonasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, katika jarida la Tanganyika, Moreau alichapisha orodha ya majina ya ndege yanayotumiwa na watu wa pwani ya kaskazini mashariki, yaani upande wa Tanga, mwendo mfupi tu kutoka mpaka wa Vanga. Alitaka kujua wenyeji wanamwita nani nani, ni ndege gani ana jina lake peke yake na ni gani wametiwa kapu moja. Kitwitwi, kwa mfano, ni jina la kapu: linabeba ndege chungu nzima. Sululu, yule mkubwa mwenye mdomo mrefu uliopinda kama mundu, amepewa lake.

Upande wa huku wa mpaka, majina mengi ya Kidigo na Kivumba yako vichwani mwa wavuvi na wakata mikoko wazee. Wajukuu wao wako Ukunda na Mombasa, na wakipiga picha ya ndege wanaiuliza simu jina. Simu inajibu kwa Kiingereza.